Chai ya Afande

Kasuku alitumbukia shimoni asubuhi kweupe, watu wazima wamejaa pale, na wa kwanza kutia mkono mfukoni alitoa simu.

Shimo lenyewe lilikuwa nyuma ya gereji. Lilikuwa la choo, limejaa siku nyingi, limefunikwa kwa bati la kutu na tairi bovu juu yake, na hakuna aliyekuwa halijui. Kila siku mafundi waliambiana, "Iko siku mtu ataingia humu," kisha wakarudi chini ya magari yao, kana kwamba maneno ni mfuniko. Siku yenyewe ikafika. Aliyeingia alikuwa mtoto wa miaka mitano aliyekuwa akimfukuza paka.

Jina la Kasuku alilipata kwa mdomo wake. Alikuwa akisema tangu anapofungua macho mpaka usingizi umkatize katikati ya neno. Kwa hiyo mama yake, aliyekuwa upande wa pili akiwamiminia mafundi chai, hakushtuliwa na kelele, alishtuliwa na kimya. Aligeuka, mtoto hamwoni, bati limepinduka. Chupa ya chai ikamtoka mkononi ikapasuka miguuni pake.

"Mwanangu! Jamani, mwanangu!"

Watu wakaja mbio, tena wengi. Wakalizunguka shimo, wakainama, wakashika pua. Mmoja akasema itafutwe kamba. Mwingine akasema ngazi. Wa tatu akasema mwenye kiwanja ashtakiwe, na mwenzake akamwambia asogee kidogo, anamzibia picha. Simu zilikuwa juu kama harusini! Na mtoto yuko mle ndani, anaibuka, anazama, anaibuka tena mkono ukikwaruza ukingo unaoteleza. Binadamu sisi, mtu hujui ucheke au utapike.

Askari alitokea njia ya nyuma, yuko doria peke yake. Kijana mrefu, mwembamba, sare imepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Hakuuliza kuna nini. Alitazama shimoni mara moja, akafungua mkanda wake wenye pingu na rungu, akavua kofia, vyote akamtwika mikononi mwanamke aliyekuwa akilia karibu yake.

"Nishikie," alisema.

Akaingia. Uchafu ulimfika kifuani, ukamfika shingoni, kisha hata kichwa hakikuonekana. Alipoibuka alikuwa amemwinua Kasuku juu kwa mikono miwili. Hapo ndipo watu walipokumbuka kwamba gereji haikosi kamba ya kuvutia magari. Wakampokea mtoto, wakamvuta na askari. Kasuku alikohoa, akatapika, akavuta pumzi, na mama yake akajua amepona pale alipomsikia akisema, "Mama, paka amekimbia."

Mama Kasuku alimkumbatia mwanawe na uchafu wake wote, akalia kilio cha mtu aliyerudishiwa roho. Alipokuja kumkumbuka askari, kofia na mkanda havikuwa tena mapajani pake. Kijana alikuwa amejimwagia maji kwenye mpira wa kuoshea magari na kushika njia. Watu walimpisha barabara nzima, na waliompisha walikuwa wameziba pua.

*

"Keshokutwa nakwenda kituoni," Mama Kasuku alimwambia mumewe jioni ile. Mtoto alikuwa ameshapelekwa hospitali, amepewa dawa, amesuguliwa mpaka akalalamika kwamba ngozi inaisha.

Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, aliacha kula. "Kituo gani?"

"Cha polisi. Kushukuru."

"Polisi hashukuriwi, mke wangu. Polisi anaepukwa."

"Baba Kasuku, usianze."

"Sianzi, namalizia. Umesahau walivyonifanya? Namtengenezea mtu geti, kumbe mtu mwenyewe mwizi. Mimi nilijuaje? Wakanizoa naye. Wakanivua viatu, wakanivua mkanda, nikashinda na suruali nimeishika kwa mkono mbele ya watu wanaonijua. Mke wangu, mwanamume akishika suruali yake namna ile, hata akiambiwa samahani haiingii. Na hawakuniambia."

"Huyu siye yule."

"Wote wamevaa nguo moja."

"Aliyevaa nguo hiyo ndiye aliyekutolea mtoto chooni."

"Analipwa mshahara."

Mama Kasuku aliweka sahani chini. "Mshahara gani unaosema mtu azame kwenye kinyesi? Wewe ungeingia, najua, ni baba yake. Mafundi mnaokula nao kila siku waliingia? Yule ni nani yake, mpaka aingie?"

Fundi alikosa jibu, na mtu akikosa jibu hutafuta kiapo. "Haya nenda. Lakini mimi, siku utakayoniona namwamkia polisi, toka nje ukatazame jua limechomoza upande gani."

"Nitatazama," mkewe alisema.

Akabaki anawaza ampelekee nini. Kitambaa? Hajui kimo chake vizuri. Kuku? Askari atamweka wapi kuku? Mwisho akaamua kumpelekea kile anachokijua kuliko watu wote wa mtaa ule. Siku yenyewe, mumewe ameshakwenda kazini, akatwanga tangawizi, akachemsha maziwa yasiyotiwa maji hata tone, akajaza chupa mpya, akapanga vikombe kwenye kapu. Miaka yote ya biashara yake neno lake lilikuwa moja: "Nimekuletea chai." Aliwaambia mafundi rangi, akawaambia wauza vipuri, akamwambia hata mchungaji wa kanisa la jirani, na hakuna aliyewahi kushtuka. Basi hakuwa na sababu ya kulichunguza neno lenyewe kabla ya kulipeleka polisi.

*

Getini mlinzi alimzuia. "Kapu halipiti, mama. Amri ya mkuu mpya. Kila kitu kinabaki hapa kwangu."

"Ni chai tu, mwanangu."

"Hata ingekuwa maji ya baraka. Acha hapa, utaikuta."

Akaliacha. Akaingia na Kasuku mkononi, gauni lake la kutokea limenyooka, moyo wake mweupe. Kwenye benchi walikaa watu wanaosubiri zamu, na nyuma ya kaunta alikaa sajini mnene, kichwa kimeziba nusu ya tangazo kubwa lililobandikwa ukutani.

"Shida yako?" sajini aliuliza bila kuinua macho.

"Sina shida, afande. Namtafuta yule askari mrefu, asiyesema."

"Kimya?"

"Kama ndivyo mnavyomwita, ni huyohuyo. Nimemletea chai yake."

Kalamu ya sajini ilisimama. "Umemletea nini?"

Mama Kasuku alidhani mzee wa watu ana tatizo la masikio. Akapaza sauti. "Chai!"

Benchi lote likageuka. Mwanamume mmoja aliyekuja kuripoti simu yake iliyoibiwa akampiga kiwiko mwenzake. "Loo! Siku hizi wanatangaza."

"Chai ya nini, mama?" Sasa sajini alikuwa na sauti laini kama ya mganga.

"Ya mtoto. Alinisaidia lile jambo la mtoto wangu, afande, akalimaliza palepale. Hata huku kituoni hakulifikisha."

"Hakulifikisha."

"Wala hakudai kitu, nisimsingizie. Ni mimi mwenyewe nimeona si uungwana kumwacha aende mikono mitupu."

"Na hiyo chai iko wapi?"

"Iko kwa mlinzi getini. Kaniambia kila kitu kinabaki kwake."

Sajini aliyarudia maneno hayo taratibu, kama anayeonja mchuzi. "Kila kitu kinabaki kwake."

"Lakini inatosha," Mama Kasuku alimtuliza. "Hata wewe afande hukosi."

Mdomo huponza kichwa, wahenga walisema. Hawakuongeza kwamba mdomo wa mtu mmoja waweza kuponza kichwa cha mwingine. Sajini aliinuka, akaingia chumba cha ndani, na alipotoka alikuwa nyuma ya mkuu wa kituo mwenyewe.

Mkuu alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, asiyetabasamu bure. Tangu ahamie pale alikuwa ameshawasimamisha kazi askari wawili kwa rushwa, na mji mzima ulimsifu. Akaagiza Kimya aitwe. Kijana akaja, akasimama wima, akapiga saluti.

"Unamjua mama huyu?"

Kimya alimtazama. Siku ile ya shimo alimwona mwanamke analia, akamtwika vitu, na alipotoka macho yalikuwa yamejaa uchafu. "Hapana, mkuu."

"Hunijui?" Mama Kasuku alishangaa. "Wewe! Hunijui mimi?"

"Si huyu, mama," Kasuku alidakia, maana ukimya wa watu wazima ulikuwa umeshamchosha. "Yule alikuwa ananuka."

Benchini mtu alicheka kupitia puani. Mkuu hakucheka.

"Mwananchi anakujua kwa sifa zako, anakuletea chai mpaka kaunta, wewe unasema humjui. Nimesema mara ngapi katika kituo hiki? Vua mkanda."

Kimya alifungua mdomo.

"Nyamaza. Vua. Utajieleza mbele ya wakubwa."

Sajini aliupokea mkanda, akautupa juu ya kaunta. Kijana alibaki ameshika kiuno cha suruali kwa mkono wa kushoto, shati limelegea, sikio mpaka shingo limewiva. "Chai imemtokea puani," yule wa simu alinong'ona, na mnong'ono wake ulimfikia kila mtu.

Sajini, aliyekuwa amerudi mahali pake, alipojisogeza kando, kichwa chake kiliondoka ukutani, na Mama Kasuku akalisoma tangazo lote kwa mara ya kwanza: KUTOA CHAI NI KOSA. KUPOKEA CHAI NI KOSA. Akalisoma tena. Maneno yake yote akayasikia upya, moja baada ya jingine, kama yanasemwa na adui yake.

"Ee Mungu wangu. Sivyo. Afande, dada yangu, sivyo hivyo!"

"Mama, na wewe usiwe na haraka," mkuu alisema. "Mtoaji naye ana kesi."

Hapo mtu mwingine angenyamaza. Angevuta mtoto, akaomba radhi, akaokoa lake. Mama Kasuku alimwona mumewe akilini, na suruali mkononi. Kisha akautazama ule mkanda juu ya kaunta. Ulimi wake wa chuma ulikuwa umekatika, mahali pake pamefungwa waya mwekundu wa umeme. Akausogelea, akauwekea kiganja, na sauti yake ikarudi ile ya kuita wateja gereji nzima.

"Mkanda huu naujua. Waya huu mwekundu umenichoma hapa." Akaonyesha ndani ya mkono wake, mkwaruzo ungalipo. "Nimeushika mimi! Jumatano, nyuma ya gereji, mwanangu huyu kazama kwenye shimo la choo, na watu wamesimama wanapiga picha. Akaja huyu. Akavua mkanda, akanipa, akaniambia 'nishikie', akaingia. Chooni, dada yangu, mpaka kichwa! Akanitolea mtoto. Nimekuja kusema asante. Mimi nauza chai. Sina kingine. Nimeleta chai ya kunywa, yenye tangawizi, na kama kuna chai nyingine mimi siijui na sijawahi kuipika!"

Kasuku alimtazama Kimya upya, kuanzia viatu kwenda juu. "Sasa hanuki," alisema. "Ndiye."

Mkuu aligeuka polepole. "Sajini. Jumatano si ndiyo siku uliyoniletea taarifa ya askari aliyerudi doria na sare chafu?"

"Ndiyo, mkuu."

"Ukampa adhabu?"

"Alifyeka nyasi, mkuu. Alikuwa ananuka vibaya sana, mkuu, kituo kizima kilishuhudia."

"Na tangu siku hiyo mnamwita nani? Nimesikia mnamwita jina huko nyuma."

Sajini alikohoa. "Choo, mkuu."

"Kimya, kwa nini hukumwambia sajini ulikotoka?"

"Nilianza, mkuu. Sajini aliniambia ninyamaze."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ulimwangukia sajini utosini. Wala mkuu haukumkosa. Naye dakika chache nyuma alikuwa amesema "nyamaza", na alijua, na watu wote pale walijua kwamba anajua. Akatazama chini, akavuta pumzi.

"Chai iletwe," akasema.

Mlinzi wa getini alikuja na kapu, chupa haijafungwa sawasawa, na juu ya mdomo wake mstari wa maziwa. "Samahani, mkuu. Ilikuwa inanukia."

Mama Kasuku hakungoja ruhusa. Chai ni kazi yake, hapo hakuna afande. Akapanga vikombe juu ya kaunta, chini ya tangazo, akamimina. Cha kwanza akampelekea Kimya kwa mikono miwili, akainama kidogo kama mtu anavyomhudumia baba mkwe. "Asante, mwanangu. Umenirudishia mtoto. Mungu akuweke." Kijana akakipokea kwa mkono mmoja, maana wa pili ulikuwa bado na suruali. Midomo ikasema asante lakini sauti haikutoka.

Cha pili akampa mkuu. Mkuu akakitazama, akatazama tangazo, akatazama benchi lililojaa mashahidi. Akanywa. Akanywa tena mpaka kikaisha, akakirudisha kaunta.

"Sajini," alisema, "mfunge."

"Yesu na Maria!" Mama Kasuku alipiga kelele. "Afande, si nimekueleza!"

"Mkanda, mama. Mfunge mkanda wake, sajini. Wewe ndiye uliyeupokea, na mimi ndiye niliyeagiza. Umfunge hapahapa, mbele ya hawa waliomwona akivuliwa."

Sajini mnene akazunguka kaunta, akainama kwa shida na tumbo lake, akaupitisha mkanda kwenye kila kitanzi, akahangaika na ule waya mwekundu mpaka jasho likamtoka. Alipomaliza, mkuu wa kituo alijiweka sawa, akampigia Kimya saluti. Benchi likasimama. Hata yule wa simu alisimama, na alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

*

Fundi alipohadithiwa alicheka mpaka akashika ukuta. "Chai! Mke wangu, umekwenda polisi ukatangaza chai! Ukawapa mpaka mkuu!"

"Akaomba cha pili."

"Basi umewahonga wote!" Akacheka tena, machozi yakamtoka. Kisha mkewe akafika pale pa mkanda, na kicheko kikakatika.

"Walimvua? Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Akashika suruali kwa mkono."

Fundi akakuna kiganja chake chenye sugu. Asubuhi yake hakwenda karakana. Alibeba mashine yake na mabamba ya chuma hadi nyuma ya gereji, bila kuitwa na mtu, akaanza kuliundia shimo mfuniko wenye bawaba na kufuli.

Kimya alimkuta hapo, yuko doria yake. Alisimama kutazama kazi, akatikisa kichwa kuisifu, akataka kupita.

"Ngoja," fundi alisema akiinua kinyago cha kuchomelea. "Lete huo mkanda."

Kijana alisita. Mama Kasuku, aliyekuwa na chupa yake upande wa pili, alisahau kikombe cha mteja kikafurika. Kimya akafungua mkanda, akautoa. Fundi akautupilia mbali ule waya mwekundu, akakata msumari, akaupinda uwe ulimi mpya, akautia moto, akaugonga, akausugua mpaka ukawa laini. Akaujaribu kwa kidole mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kisha akasimama wima, mzee mwenye mvi kidevuni mbele ya kijana ambaye angeweza kumzaa, akamrudishia mkanda kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, afande."

Kimya alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Mkubwa kumwamkia mdogo! Mdomo ukafunguka, ukafungwa, kisha maneno yote aliyokuwa ameyaweka akiba yakagombania mlango. "Hapana, baba, hapana, mimi ndiye, shikamoo wewe, baba, usinifanyie hivyo, mimi mtoto wako, mimi nilipita tu..."

Fundi hakuinua kichwa. Alikuwa anangoja kuitikiwa.

Kasuku alimtazama askari, akamtazama baba yake, akaona watu wazima wameshindwa tena.

"Marahaba!" akaitikia kwa niaba ya serikali.

Na Mama Kasuku akatoka chini ya kibanda chake, akakinga mkono usoni, akatazama jua limechomoza upande gani.